Baba Alipohamia Uani

Mpaka nikafikia umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani bila kushikwa mkono, nilikuwa sijapata kumwona baba yangu akila. Sifanyi mchezo. Nilimwona akivaa kanzu, nilimwona akitawadha, nilimwona akirudi tanuuni mweupe pepe kwa chokaa kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, na mara moja nilimwona akilia, siku alipomzika mamake. Lakini kumwona akitia tonge mdomoni, hilo halikunipata. Ungeniambia baba hana meno ningekusadiki.

Haya, nieleze. Nyumba yetu ilikuwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, nyumba ya mawe na udongo, paa la makuti, baraza mbele, uani nyuma. Barazani ni wanaume, uani ni sisi. Si kwamba kila nyumba ilikuwa hivyo. Wako waume waliofunga mlango wakala na wake zao na watoto wao, na hapana aliyewasema. Baba yangu alikuwa na maradhi ya ukarimu. Babake alikuwa nayo, na babu yake pia, naye akayarithi pamoja na tanuu la chokaa. Adhuhuri akishatoka msikitini, yeyote apitaye mbele ya baraza letu ataambiwa karibu, na si ile karibu ya mdomoni ambayo watu huambiana huku wakiomba Mungu usikubali. Alikuwa akikushika mkono. Basi kila siku ya Mungu palikuwa na watu barazani, na mwenye nyumba hula na wageni wake, na wageni wake hawaishi.

Mama ndiye mpishi. Chakula kikiwa tayari alikuwa akigonga ukingo wa sinia kwa upawa, kidogo tu, baba akaja mpaka kwenye pazia la ukumbini, akapokea sinia limefunikwa kawa, akageuka nalo. Baadaye sinia hurudi kwa njia ile ile. "Wamekula?" mama huuliza. "Alhamdulillahi," baba hujibu. Kwisha. Hayo ndiyo mazungumzo yote juu ya chakula niliyoyasikia baina yao utotoni mwangu.

Kwa hiyo mama alikuwa akiongea na sinia. Aliliweka chini ya mfenesi wetu pale uani, akachutama, akalitazama. Sinia lenyewe lilikuwa na ua limechorwa upande mmoja, na mama alikuwa amejiamulia, sijui kwa dalili gani, kwamba baba hukaa upande wa ua. Mwiba wa samaki ukiachwa hapo ni wa mumewe. Ndimu ikikamuliwa hapo imekamuliwa na mumewe. "Tazama, leo achari imekwisha upande huu," ataniambia, uso umemchangamka. "Achari ya embe anaipenda huyu." Basi kesho ataongeza achari. Vidole vya watu watano sita vimepita mle, mama wa watu anasoma kama asomaye msahafu! Alikuwa akimpikia baba kwa kubahatisha, na kwa mapenzi. Nasema wazi, kwa mapenzi, hata kama neno hilo hakupata kulitamka mbele yangu.

Ndipo vita vikaja. Watu wengine watakwambia habari za manowari bandarini na taa kuzimwa. Mimi vita nilivijua kwa mchele. Mchele uliokuwa ukija kwa meli ulikatika, na ule mdogo wa mashambani ulimalizwa na wenyewe. Dukani tukaanza kugawiwa unga wa mahindi, wa manjano, wa kukwaruza, unanuka gunia. Na ilikuwa kaskazi, jua la kupasua kichwa, mchanga wa uani unaunguza nyayo, jasho linakutoka umekaa tu hujafanya lolote.

Msinielewe vibaya, sima ni chakula, na Waswahili wangapi wamekulia sima! Ila mama yangu alizaliwa nyumba ya wali, akaolewa nyumba ya wali, na katika maisha yake hakuwa ameshika mwiko wa sima hata siku moja. Asingeuliza mtu, vilevile. Mama alikuwa na kiburi cha jikoni. Akauchukua ule unga akaupika kama ajuavyo yeye kupika. Akachemsha tui, akamimina unga wote kwa pamoja, akatia chumvi, akakoroga mara moja, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, akakaa akingoja ukauke. Palio! Sima imepaliwa makaa! Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na siku hiyo hapana aliyecheka, maana ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku ya wageni wengi. Mama alipofunua, juu palikuwa pamekauka kama ngozi ya kiatu na ndani unga mbichi. Hakuna kingine. Akaivunjavunja, akaipanga kwenye sinia, akazungushia papa mkavu wa kukaanga na achari, akafunika kawa, akagonga upawa. Mimi nikatumwa nipeleke maji ya kunawa mpaka kwenye pazia, na nikabaki hapo, jicho kwenye mwanya.

Barazani palikuwa na dalali mmoja wa nazi, mtu mnene, mcheshi, ambaye Ijumaa zote za uhai wangu alikula kwetu. Baba akafunua kawa, akasema bismillahi, karibuni.  Dalali akaitazama ile sima. Akaitazama tena. Alikuwa na tambuu mdomoni, akaihamisha kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto, akasema kwa upole kabisa, "Ningekula, bwana wangu, ila leo nimefunga."

Amefunga! Na tambuu imejaa shavu, na mate mekundu yako midomoni! Na kama mtu angekuwa wa kufunga sunna, nani aliyemfundisha kuchagua Ijumaa peke yake? Jumatatu ipo, Alhamisi ipo. Wale wengine wakaona njia. Mmoja akasema tumbo lamsokota, mwingine akachukua kipande cha papa kwa adabu, akanawa.  Alikula peke yake mbele yao, nilimwona mgongo tu, akala matonge mawili matatu, kisha akafunika kawa.

Aliporudi na sinia, mama akauliza kama kawaida, "Wamekula?"

Baba alisimama pale penye pazia. "Mmoja amefunga," akasema.

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

Mama akalipokea sinia na wala hakulitazama. Alilimwagia kuku likiwa bado na papa wake, akaingia chumbani. Nilimsikia akipenga kamasi. Baba naye akatoka, akaenda tanuuni siku isiyo ya kazi, akarudi jua limeshazama.

Kesho yake adhuhuri mlango wa mbele ulikuwa umefungwa komeo. Sisi tuko uani, mama ameupika tena ule unga wake, safari hii uji mzito wa kufinyangika, na papa mkavu kando, tunataka kula, mara kilango cha ua kinasukumwa. Baba. Ameinama ili kofia isiguse makuti, ameingia kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe. Mama akasimama upesi, akajifunika kanga kichwani, mumewe huyo wa ndoa!

"Kuna nini?" akauliza.

"Nimekuja kula," baba akasema.

"Nitaleta sinia."

"Niko hapa hapa."

Aketi wapi sasa? Uani kwetu palikuwa na mkeka mmoja, tumeukalia sisi, na mbuzi ya kukunia nazi. Kabla mama hajasema lolote baba ameshaikalia ile mbuzi, magoti yamemfika masikioni, ulimi wa chuma uko mbele yake unamwelekea ugoko. "Siyo hapo, bwana!" mama akapiga ukelele. "Utaumia! Na hicho ni kitu cha wanawake!"

"Kina jina la mtu?" baba akauliza, akanyoosha mkono anawe.

Basi ndivyo nilivyomwona baba yangu akila. Alikuwa akifinyanga tonge dogo, safi, mkono hauchafuki kupita vidole. Alikuwa akitafuna polepole, na upande mmoja tu, wa kushoto. Nilimkodolea macho bila haya. Mama naye akawa anamwangalia kwa pembeni, halafu akaacha pembeni, akamwangalia wazi.

"Mbona watafuna upande mmoja?"

"Jino."

"Tangu lini?"

Baba akafikiri. "Huyu mtoto alikuwa bado ananyonya."

Jamani! Mama alikasirika hasira ambayo sijaiona tena. "Na mimi nakupa papa mkavu! Nakupa korosho! Miaka yote hii nakukaangia papa mgumu kama gome, kwa kuwa naona mifupa imeguguniwa upande wako, nasema huyu anapenda kuguguna!"

"Upande wangu upi?"

"Upande wa ua!"

Baba hakujua sinia lina ua. Ikabidi liletwe aonyeshwe. Akaligeuza, akalitazama, akasema yeye hukaa popote, mgeni kwanza. Na anayeguguna ni dalali. Na achari je? Hapo baba akainama akaangalia vidole vyake. Achari, kusema kweli, ilikuwa ikimtia kiungulia tangu ujana, hajaionja miaka. Mama akaketi kitako. Kila msimu wa maembe alikuwa akianika maembe ya achari juani, akiyafukuzia kuku, akiyageuza, akiyaingiza mvua ikinyesha, kwa ajili ya mtu ambaye hayagusi.

"Si ungesema!" akasema.

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kila siku! Nilikuuliza, wamekula?"

"Waliokula ni wao," baba akasema. Na hapo mama akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na baba akatabasamu akiwa bado amekaa juu ya mbuzi, na mimi nikacheka kwa kuwa wao wanacheka. Ule uji mzito ulikuwa mbaya, kusema haki, lakini tuliumaliza.

Aliyetuokoa na upishi wa mama ni jirani yetu wa nyuma, mwanamke wa Kigiriama, Mkristo, ambaye mumewe alikuwa kibarua bandarini. Baina yetu palikuwa na ua wa makuti tu, na mama kwa muda mrefu alikuwa akimsalimu juu ya ua na kuishia hapo. Siku moja alipiga hodi, akaingia na kikapu cha mboga ya mchunga, akaona chungu chetu kina palio. Akafunua. Akatazama.

"Mwenzangu," akasema, "hiki mwapika ama mwachoma tofali?"

Nilidhani mama atamtimua. Lakini mama alikuwa amechoka, na sasa alikuwa na mtu wa kumpikia anayemwona kwa macho. Akasema, "Nionyeshe basi." Yule mama akafunga leso kiunoni, akapiga magoti mbele ya mafiga, akaonyesha. Maji yachemke kwelikweli. Unga kidogo, uji kwanza, uache utokote. Kisha unga tena, kisha mwiko, na hapo si mchezo, unasonga, unageuza, unakandamiza kwenye ukingo wa chungu, mpaka harufu ya gunia iondoke ije harufu ya mahindi. Palio akalimwaga mchangani. Na ule mchunga, mboga chungu ile ambayo sisi tulikuwa tukiipita njiani, akauchemsha, akaukamua, akautia tui la kwanza na pilipili mbichi. Wallahi sijui kwa nini tulikuwa hatuli mchunga.

Tatizo likabaki mkono. Mama alikuwa mwembamba, na sima ya nyumba nzima inataka nguvu. Siku ya pili yake anasonga, anahema, jasho linamdondoka, chungu kinataka kupinduka, baba yuko juu ya mbuzi yake anatazama. Akasimama. "Lete," akasema, akauchukua mwiko. "Hii si ndiyo kazi yangu?" Na kweli, maana chokaa ikishatoka tanuuni hutiwa shimoni na maji, hukorogwa kwa mti mchana kutwa, na baba alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Akashika chungu kwa nyayo mbili zilizozoea moto, akaisonga ile sima mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

Mama yuko mbiombio kwenye kilango cha ua, anachungulia nje. "Watu wakikuona je? Mwanamume mzima ameshika mwiko!"

"Watu wamefunga," baba akasema, na akaendelea kusonga.

Neno hilo likawa la nyumba yetu. Paka akikataa mifupa, amefunga. Mimi nikikataa kufagia, baba ataniuliza, "Vipi, umefunga?" Jirani yetu alipoelezwa asili yake alikaa chini akajipiga mapaja.

Kaskazi hiyo, na nyingine iliyofuata, tulikula uani. Hatukuwa na cha maana, na mimi sijala vizuri zaidi ya hapo, hata harusini. Mihogo tuliichoma kwenye makaa, tukaipasua, tukaipaka chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga, tukaila ikiwa moto, vidole vinaungua. Samaki alikuwa yeyote mama aliyempata kwa wavuvi kule mkono wa bahari, mara tasi, mara vidagaa vya kukaanga vinavyoliwa na vichwa vyao. Embe mbichi tulikatakata na kitunguu na pilipili, na baba akapewa yake isiyo na pilipili, kibakuli chake peke yake. Mama alikuwa akikitengeneza kibakuli kile kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Papa alimchemsha mpaka akalainika, kisha akampika kwa tui. Joto likizidi baba alikuwa akiangua madafu, tunakunywa, tunakomba nyama yake laini kwa kijiko cha ganda. Jirani akituletea bakuli la kunde, bakuli halikurudi tupu, likarudi na vitumbua vya mama, vya unga huo huo wa manjano, maana kiburi cha jikoni kilikuwa kimesharudi.

Na baba alikuwa akizungumza! Kumbe alikuwa na maneno tele yote hayo na alikuwa akiwapa wapita njia. Alitueleza namna ya kujua jiwe la matumbawe litakalotoa chokaa nzuri, kwa kuligonga na kusikiliza. Aliigiza mwendo wa imamu. Alimwambia mama kuwa siku ya harusi yao alikuwa hajala tangu asubuhi kwa woga, na mama akasema hata yeye. Nilikaa kati yao kwenye mkeka nikasikia mambo hayo, na moyo wangu ulijaa.

Ila nilikuwa na hofu moja, na mama alikuwa nayo pia, tukijuana bila kuambizana. Baba alihamia uani kwa aibu ya sima. Mchele ukirudi, aibu imekwisha. Atafungua komeo la mbele, atarudi kwa watu wake, nasi tutarudi kusoma sinia. Basi watu wote wa pwani walipokuwa wakiomba mchele urudi, mimi nilikuwa nikiinua mikono baada ya sala nikiomba usirudi. Na mimi nilikuwa mpenda wali kupita kiasi! Sikuona vibaya hata kidogo. Mungu alikuwa na watoto wengi wa kuwasikiliza, nikataka anisikilize na mimi.

Hakunisikiliza. Vita viliisha, na baada ya muda mrefu kidogo mchele ukaanza kuonekana tena dukani. Siku moja baba akaingia na kifurushi begani, akakishusha mbele ya mama. Mama akafungua, akatia mkono, akauchota, ukamwagika vidoleni. Nilijua anavyoupenda mchele. Lakini hakutabasamu. "Ijumaa?" akauliza. Baba akasema, "Ijumaa," akaenda kunawa.

Ijumaa hiyo mama aliamka alfajiri. Akakuna nazi, akachuja tui mara mbili, akapika wali kama zamani, palio juu ya kifuniko, pahala pake safari hii. Akampaka samaki tui la ukwaju, akamchoma juu ya makaa, mafuta yakadondoka, moshi ukaenda mpaka kwa jirani. Jirani akachungulia juu ya ua. "Leo ni leo," akasema, kisha akaona uso wa mama, akarudi zake.

Baba aliporudi kutoka msikitini hakupitia kilango cha ua. Nikasikia komeo la mbele likiondolewa. Nikasikia viatu, salamu, vicheko, karibu, karibu bwana, Mungu atuwekee. Sauti ya dalali naliijua hata usingizini. Mama akapakua. Alipanga wali katikati, samaki juu, achari pembeni kwa ajili ya wageni, na mikono yake ilikuwa imara kabisa. Akafunika kawa. Akashika upawa, akagonga.

Baba akaja penye pazia na kanzu yake ya Ijumaa. Alipokea sinia. Nilimtazama anitazame, hakunitazama. Pazia likaanguka.

"Haya mwanangu," mama akasema, "njoo tule ukoko." Akakwangua chungu, akaweka ule ukoko mwekundu kwenye sahani ya bati, kitu nilichokitamani miaka. Hakuugusa. Nami sikuugusa. Mbuzi ilikuwa pale chini ya mfenesi, tupu, na kuku amesimama juu yake. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimchukia dalali, nikauchukia mchele, nikazichukia nazi zote za dalali.

Toka barazani ikaja sauti ya baba, "Bismillahi, karibuni." Kisha sauti ya dalali, "Ahsante, ahsante, mashallah, haya ndiyo mambo! Na wewe, bwana, mbona wasimama? Keti tule."



"Nyinyi kuleni," baba akasema. "Mimi leo nimefunga."

"Umefunga?" dalali akauliza. "Ijumaa?"

"Ijumaa."

 Mama alikuwa ameshika mkono wangu na ananiumiza. Kisha mtu mmoja huko barazani akaanza kucheka, ndani ya kifua, na mwingine akamfuata, na juu ya wote nikamsikia dalali mwenyewe, anacheka na kukohoa, tambuu imempalia, anasema, "Umenipata! Wallahi, bwana wangu, leo umenipata!"

Nyayo zikaja ukumbini. Pazia likainuka. Baba akatoka uani, akamfukuza kuku, akakusanya kanzu yake ya Ijumaa magotini, akaketi juu ya mbuzi.

"Wageni wako je?" mama akauliza.

"Wana wali."

"Na wewe si umefunga?"

"Nipe ukoko," baba akasema. "Ule laini."

Mama akainama juu ya sahani. Akatafuta, akageuza, akachagua kipande kilicholainika kwa tui, akakivunja kwa vidole vyake, akampa mkononi. Baba akakitia mdomoni. Akatafuna polepole, upande wa kushoto, na mimi nikamkodolea macho, sikuweza kuyaondoa.

"We mtoto, kula," akaniambia. "Hujapata kumwona mtu akila?"